Gitaa Linakwaruza Ukigusa Volyumu: Sikiliza Kwanza, Puliza Dawa Baadaye

Unapunguza sauti kidogo ili mwimbaji asikike, na amplifaya inajibu krrr-krrr kama redio iliyopoteza stesheni. Au mbaya zaidi: solo imekolea, kidole kidogo kinagusa nobu, sauti inakatika kabisa, kisha inarudi kwa kishindo. Ugonjwa huu unatibika, na mara nyingi kwa bei ndogo. Kosa la wengi ni kupuliza dawa kabla ya kujua kinachokwaruza ni nini. Dawa ya kopo haikazi nati iliyolegea, wala haizibi kapasita (kile kifaa kidogo kinachohifadhi umeme) inayovujisha.

Tuelewane maneno kwanza. Pikapu ya hapa haibebi mizigo na jeki hainyanyui gari: pikapu ni ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi, na jeki ni tundu la kuchomekea kebo. Kile kinachozungushwa ndani ya gitaa ni potensiometa. Fundi redio huiita volyumu, wapiga gitaa huiita poti, nasi tutaita poti. Gitaa la mfano ni Stratocaster, lililotolewa na Fender mwaka 1954, pamoja na nakala zake za bei zote. Ukiwa na gitaa la aina nyingine, kinachobadilika zaidi ni njia ya kulifungua na thamani za poti.

Ndani ya poti kuna utepe wa kaboni uliopinda kama bangili iliyokatwa. Juu yake hutembea ulimi mdogo wa chuma kila unapozungusha nobu. Ubavuni hutoka miguu mitatu: miwili imeshika ncha za utepe, wa katikati umeshika ulimi. Vumbi, kutu, jasho lililopenya au unga wa kaboni uliolika ukikaa kati ya ulimi na utepe, ulimi huruka badala ya kuteleza. Kila mruko ni umeme unaokatika na kurudi, na spika hukupigia mruko huo kama mkwaruzo. Hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi huongeza kasi ya kutu. Gitaa linalokaa miezi bila kupigwa nalo huugua upesi kuliko linalofanya kazi kila wiki, kwa sababu ulimi umelala mahali pamoja.

Mkwaruzo unatoka wapi?

Badilisha kebo kabla ya jambo lolote. Kisha ondoa pedali zote (vile visanduku vya kubadili sauti vinavyokanyagwa), chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, weka sauti ya wastani na usipige nyuzi. Sasa jaribu mambo haya kwa zamu.

Zungusha nobu polepole bila kutikisa kebo. Ikiwa mkwaruzo unatokea nobu inapozunguka na kunyamaza nobu inaposimama, mshukiwa ni poti. Angalia pia unatokea wapi: poti chafu hukwaruza karibu safari nzima, ila poti iliyolika hukwaruza au kukata sauti mahali palepale, mara nyingi kati ya namba 7 na 10 za nobu, ambako wapiga gitaa wengi huzungusha.

Acha nobu, tikisa kebo pale inapoingia gitaani. Ikikatakata, tatizo ni jeki na poti haina hatia.

Sukuma nobu kulia na kushoto bila kuizungusha. Ikicheza, nati imelegea. Poti iliyolegea huzunguka nzimanzima na kuvuta nyaya zake, na siku moja waya mmoja utang'oka.

Sugua bamba la plastiki linalofunika uso wa gitaa kwa kiganja. Ukisikia chakarachakara kama mtu anayekanyaga majani makavu, ni umeme tuli unaojikusanya kwenye plastiki, hasa msimu wa ukavu au bamba likiwa jipya. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana. Ikirudi kila mara, bandika karatasi ya shaba au alumini nyuma ya bamba na uhakikishe imegusana na ethi, yaani upande wa ardhi wa saketi.

Na kama mkwaruzo upo hata ukiwa umeweka mikono mfukoni? Chomoa kebo kwenye amplifaya. Kelele ikibaki, gitaa limesingiziwa. Mpelekee fundi amplifaya. Usiifungue mwenyewe, hasa ya valvu: kapasita zake huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Kupima bila kufungua gitaa

Hii ni hatua ambayo watu huiruka, na inaokoa saa nzima ya kazi. Unahitaji mita ya kawaida ya fundi na kebo nzuri. Chomeka kebo kwenye gitaa tu. Upande wa pili, ule ambao ungeingia kwenye amplifaya, weka waya mmoja wa mita kwenye ncha ya plagi na mwingine kwenye mwili wake. Weka mita kwenye omu, kipimo cha 200k (k ni elfu). Chagua pikapu moja kwa swichi.

Nobu ikiwa kwenye 10, Stratocaster yenye poti ya 250k itasoma kati ya 5k na 7k, yaani ukinzani wa pikapu yenyewe. Gitaa lenye hambaka (pikapu ya koili mbili) na poti za 500k husoma zaidi, mara nyingi 7k hadi 9k, na nyingine hupita hapo. Sasa shusha nobu polepole, ukitumia kama sekunde kumi kutoka 10 hadi 0. Usomaji hautashuka mara moja. Utapanda kwanza hadi karibu robo ya thamani ya poti, yaani 60k na ushee kwa poti ya 250k au 125k hivi kwa ya 500k, kisha utateremka hadi sifuri. Usishtuke, ndivyo saketi ilivyo, maana mita inaona njia mbili kwa pamoja, moja ikipita kwenye pikapu na nyingine ikienda moja kwa moja kwenye ethi.

Unachotafuta ni ulaini wa safari. Namba zikiruka ovyo, utepe ni mchafu. Mita ikionyesha OL au ile 1 ya peke yake kwa kufumba na kufumbua, ulimi umeinuka kabisa kutoka kwenye utepe. Rudia mara tano: kama mruko hautokei tena mahali pale, ni uchafu na utasafishika. Kama kila safari unaruka palepale, kaboni imekwisha na hakuna dawa itakayoiotesha upya. Mita ya mshale ni bora hapa kuliko ya namba, kwa kuwa jicho hunasa mshale unaporuka ilhali namba huchelewa. Kipimo hiki hakifai kwa gitaa lenye betri ndani, kwa sababu hapo mita itakuwa inapima saketi ya elektroniki badala ya pikapu.

Poti safi inayokwaruza

Kuna kisa kinachowatesa hata mafundi: poti imesafishwa, imebadilishwa, bado inakwaruza. Hapo tafuta umeme wa DC, ule unaokwenda upande mmoja tu. Ishara ya pikapu ni AC tupu, umeme unaokwenda na kurudi. Volti ya DC ikipenya hadi kwenye poti, hata poti mpya itakwaruza kila unapoizungusha, na kinachoisababisha hukaa nje ya gitaa: kapasita ya mlangoni mwa pedali au amplifaya imeanza kuvujisha. Pedali za fuzz (za kuifanya sauti ikoroge na kunguruma) za muundo wa zamani ni maarufu kwa hili kwa kuwa nyingi zina kapasita ya elektroliti pale mwanzoni.

Kipimo ni rahisi. Washa pedali, ingiza kebo upande wa gitaa wa pedali, acha gitaa kando, kisha pima ncha na mwili wa plagi kwa mita iliyowekwa kwenye DC, kipimo cha 200mV. Panapaswa kuwa sifuri au karibu sana nayo. Ukiona makumi ya milivolti, umempata mwizi. Dawa ni kubadilisha kapasita hiyo, thamani ileile na pande zake vilevile. Njia ya haraka zaidi haihitaji hata mita: gitaa likikwaruza kupitia pedali fulani tu na kunyamaza bila hiyo, jibu unalo.

Kufungua

Subiri siku ya kubadilisha nyuzi, maana kwa Stratocaster lazima zitoke. Vuta nobu juu kwa kitambaa chembamba: kipitishe chini ya nobu, kikunje pande zote mbili, vuta wima. Usitumie bisibisi kama wenzo. Plastiki itachubuka, na nobu ya zamani hupasuka kama ganda la yai. Nobu za chuma, kama za Telecaster, zina skrubu ndogo ubavuni, ilegeze kwanza.

Bamba la Stratocaster ya kisasa limeshikwa na skrubu 11. Ziweke kwenye kisahani. Inua bamba upande wa shingo na uligeuze taratibu juu ya taulo, kwa sababu nyaya tatu bado zimelifunga kwenye mwili: mbili za jeki na moja ya ethi inayokwenda kwenye springi za nyuma. Piga picha mbili tatu zenye mwanga mzuri. Kwa Les Paul kazi ni nyepesi: kifuniko kiko mgongoni, skrubu nne, na nyuzi zinabaki. Telecaster ndiyo rahisi kuliko zote, skrubu mbili tu.

Kusafisha

Nunua dawa ya kusafishia kontakti za umeme, iliyoandikwa kwamba ni salama kwa plastiki. Ya DeoxIT aina ya D5 ndiyo inayosifiwa zaidi na mafundi wa vyombo vya muziki, kwa sababu huacha utando mwembamba wa kulainisha. Ukiikosa, chukua yoyote ya kontakti kwenye duka la vipuri vya redio. Kuhusu WD-40 ya kawaida, ile ya kopo la buluu na njano: si dawa ya kontakti. Inalainisha kwa wiki chache, halafu mafuta yake yanakamata vumbi na unarudi ulikoanzia. Kampuni hiyohiyo hutengeneza nyingine iitwayo Specialist Contact Cleaner, na hiyo ni kitu tofauti. Petroli, thina na dawa ya breki ziache gereji. Zinayeyusha plastiki na kuharibu rangi ya gitaa. Ikiwa una isopropili ya 99% tu, inasafisha vizuri lakini inaondoa grisi pia, hivyo nobu itakuwa nyepesi na kavu kuliko awali. Ile ya 70% ina maji mengi mno kwa kazi hii.

Tazama poti kwa nyuma. Juu ya ile miguu mitatu, pale inapoingia kwenye kopo la chuma, kuna mwanya mdogo. Huo ndio mlango. Funika pikapu na ukingo wa mwili wa gitaa kwa kitambaa, chomeka mrija mwembamba wa kopo kwenye mwanya, puliza nusu sekunde. Nusu sekunde kweli, si sekunde tatu. Ikianza kuchuruzika umezidisha. Mara moja zungusha kishikio, yaani kile kijiti kinachobeba nobu, kutoka mwisho hadi mwisho mara 25 au 30. Mzunguko ndio unaosugua, dawa inalegeza uchafu tu. Ngoja dakika 10 hadi 15, puliza tena kidogo, zungusha tena. Kama mikwaruzo ipo baada ya mara ya tatu, acha. Poti hiyo inataka kubadilishwa.

Wengine hupuliza kutoka juu, kwenye kishikio, ili wasifungue gitaa. Haifiki kwenye utepe ila kwa bahati. Inachofanya ni kuosha grisi ya kishikio, na nobu inabaki inacheza kama jino bovu.

Kwa kuwa umeshafungua, ipe dawa kidogo swichi ya pikapu na uisogeze mara 20, na zile poti mbili za toni zisibaki nyuma. Kaza nati za poti zote ukiwa umeshika kopo lake kwa ndani ili lisizunguke. Poti za Kimarekani huwa na nati ya nusu inchi. Ndogo za nakala za Asia mara nyingi ni milimita 10 au 11.

Kubadilisha poti

Hapa ndipo pesa hupotea kwa kununua kisichofaa. Pikapu za koili moja hutumia 250k, hambaka 500k, na pikapu za EMG zenye betri hutumia 25k. Herufi A kwenye poti kama A250K humaanisha mkunjo wa sauti, unaoendana na sikio. B ni ya mstari ulionyooka. Kwa volyumu wengi hupendelea A. Wakati mwingine utakuta namba tupu: 254 ni 25 na sifuri nne, yaani 250k; 504 ni 500k. Kwenye maduka ya vipuri vya redio zinazopatikana kwa wingi ni B10K, B50K na B100K. Fundi atakuambia inaingia tu. Ndiyo, itaingia kwenye tundu, lakini 10k kwenye gitaa la kawaida inakamua pikapu hadi sauti inakuwa nzito, hafifu na isiyo na makali, kana kwamba amplifaya imefunikwa blanketi.

Pima na tundu. Poti kubwa ya mtindo wa Kimarekani inataka tundu la milimita 9.5, ndogo ya Asia hutosha kwenye 7 au 8. Kishikio pia hutofautiana: chenye meno 24 na chenye meno 18 havibadilishani nobu. Ukilazimisha, nobu itapasuka.

Kwa kulehemu, chuma cha wati 40 hadi 60 ndicho kinachofaa mgongo wa poti. Watu huogopa joto wakachukua cha wati 25, kisha wanakishikilia nusu dakika hadi utepe wa ndani unaungua. Chuma chenye nguvu kwa sekunde nne au tano ni salama kuliko chuma dhaifu kwa thelathini. Tumia lehemu ya 60/40 yenye rozini ndani, unene wa milimita 1 hivi. Ile ya mabomba yenye asidi itakula nyaya. Kwaruza mgongo wa poti mpya kwa msasa mpaka ung'ae, la sivyo lehemu itajikusanya kama tone la maji kwenye jani la mgomba.

Ugumu wa volyumu ya Stratocaster ni kwamba mgongo wake ndio kituo cha ethi zote: za pikapu tatu, jeki, springi na poti za toni. Ukiweza, yeyusha lundo zima na uliinue kama fundo moja badala ya kung'oa waya mmojammoja. Poti ikiwa imekupa mgongo na miguu imeelekea chini kwako, mguu wa kushoto hupokea waya kutoka kwenye swichi, wa katikati huenda kwenye ncha ya jeki, na wa kulia hupindwa na kulehemiwa kwenye mgongo wa poti. Kwa gitaa la mkono wa kushoto lenye poti za kushoto, kulia na kushoto hubadilishana.

Lehemu nzuri hung'aa na kulala bapa. Iliyofifia yenye chembechembe ni baridi. Iguse tena kwa chuma. Usirudishe skrubu 11 kabla ya kujaribu: chomeka kebo, weka amplifaya chini, gongagonga pikapu taratibu kwa ncha ya bisibisi. Kila pikapu iliyochaguliwa itajibu "tok". Ikinguruma kwa nguvu badala ya kujibu, nyaya mbili za jeki zimebadilishana. Ikiwa kimya ukishafunga ilhali ilikuwa inalia kabla, kuna mguu unaogusa karatasi ya shaba. Weka kipande cha tepu.

Jeki

Fungua skrubu mbili za kile kibamba chenye umbo la mtumbwi. Safisha kwa pamba ya masikio yenye isopropili, kisha pinda ule mkono mrefu wa chuma kwa milimita 1 au 2 kuelekea ndani ili uibane ncha ya plagi. Kaza nati ukishikilia jeki kwa upande wa nyuma. Ikizunguka, inanyonga nyaya zake na utazilehemu upya.

Jambo la mwisho linawahusu wenye magitaa ya zamani ya Kimarekani. Kabla ya kutupa poti iliyokufa, soma namba zilizogongwa kwenye kopo lake. Inayoanza na 137 imetengenezwa na CTS, na tarakimu zinazofuata mara nyingi ni mwaka na wiki: 1377633 ni wiki ya 33 ya mwaka 1976. Gitaa haliwezi kuwa limefungwa kabla ya tarehe hiyo kama poti ni yake ya asili, na atakayelinunua kesho atauliza. Itie kwenye mfuko mdogo, iweke ndani ya sanduku la gitaa.